Vifaa vya kusomeshea nyumbani watoto wa umri na uwezo tofauti: kipi kinafaa, kipi kitabaki kabatini

Mzazi wa mtoto mmoja anaweza kununua pakiti nzima ya darasa, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza. Mwenye watoto watatu, wa miaka 5, 8 na 11, akifanya hivyo mara tatu atakuwa amejitwika mzigo asioweza kuufikisha. Piga hesabu: masomo sita (kusoma, kuandika, hesabu, sayansi, historia, jiografia), watoto watatu, dakika 20 za kufundishwa kwa kila somo. Hizo ni dakika 360, yaani saa sita za mzazi kufundisha mfululizo, na hapo hajasahihisha daftari hata moja.

Kwa hiyo vifaa vilivyopitiwa hapa havikupimwa kwa uzuri wa picha wala wingi wa kurasa. Kipimo kikuu ni kimoja: mzazi akiwa amekaa na mtoto mmoja, je, kifaa kinamwezesha mwingine kuendelea na kazi yenye maana peke yake? Kuna vifaa bora kabisa kwa mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja ambavyo hapa vinashindwa, na kuna vya kawaida tu ambavyo hapa vinang'ara.

Pakiti kamili ya darasa: alama 2 kati ya 5

Ni sanduku lenye vitabu vya masomo yote ya darasa moja, mwongozo wa mzazi, na ratiba ya mwaka iliyopangwa siku kwa siku. Uzuri wake ni kwamba hakuna mada inayosahaulika, na mzazi anayeanza hupata pa kushika. Kasoro iko kwenye dhana iliyobebwa na sanduku lenyewe, kwamba mtoto wa darasa la tatu yuko darasa la tatu katika kila somo. Watoto wa namna hiyo si wengi. Mtoto anaweza kusoma vitabu vya waliomzidi miaka miwili na bado akatumia vidole kujumlisha 8 na 7. Ukimpa pakiti ya umri wake, kusoma kutamchosha kwa wepesi, hesabu itamliza, na ni rahisi kuyachukulia yote mawili kuwa ni uvivu.

Ratiba ya siku kwa siku nayo ina shida yake. Mtoto mmoja akiugua wiki moja, mzazi anayemuuguza hafundishi, na ratiba zote tatu zinachelewa kwa pamoja. Kama sanduku umeshalinunua au umepewa, futa tarehe uandike namba za masomo tu (Somo la 1, la 2, la 3), tumia sehemu ya sayansi na historia kwa watoto wote, na vitabu vya hesabu na kusoma viweke kando mpaka umpime kila mtoto. Kabla ya kununua, uliza kama mchapishaji anauza somo mojamoja. Anayekataa kutenganisha masomo anafaa kuachwa, kwa nyumba ya namna hii.

Vifaa vya mada ya pamoja: alama 4

Hapa watoto wote wanasoma mada moja kwa wakati mmoja, na kila mmoja anatoa kazi ya ngazi yake. Sayansi, historia na jiografia zinakubali mpango huu kwa sababu mada zake nyingi hazitegemeani kwa mfuatano mkali: mtoto anaweza kujifunza volkano kabla ya mfumo wa jua, au baada yake, bila kupungukiwa. Hesabu na kusoma havikubali. Asiyejua kutoa hawezi kugawanya kwa njia ndefu, hata akikaa meza moja na kaka yake anayeweza.

Fundisha masomo hayo matatu kwa pamoja, moja kwa siku kwa zamu, dakika 30. Kusoma, kuandika na hesabu vibaki vya kila mtoto kwa ngazi yake, dakika 20 kila kimoja. Zile saa sita zinashuka hadi saa tatu na nusu. Hakuna kifaa kingine kitakachokupa unafuu mkubwa kama huo.

Lakini si kila kinachoandikwa "kwa familia nzima" kimefanya kazi hiyo. Fungua mada moja, soma kazi ya mdogo na ya mkubwa kandokando. Kama mdogo ameambiwa "andika sentensi mbili" na mkubwa "andika aya mbili", hao wamepewa kazi ileile, mmoja kaongezewa urefu. Kazi ya mkubwa lazima ibadilike aina.

Chukua kuota kwa mbegu, mada ambayo karibu kila pakiti inayo. Mwongozo uliotungwa vizuri unaagiza mitungi miwili ya kioo, karatasi za tishu, na mbegu 10 za maharage kwa kila mtungi, zilizolowekwa usiku kucha. Hiyo 10 ni ya makusudi: zikiota 7, mtoto anapata asilimia 70 bila kuhangaika. Mdogo anachora anachokiona kila siku na kuandika majina ya sehemu: mzizi, shina, jani. Wa kati anapima mzizi kwa milimita na kujaza jedwali. Mkubwa anabadilisha kitu kimoja tu, mtungi mmoja kwenye mwanga na mwingine gizani, maji na joto vikiwa sawa. Anaandika kwanza anachotarajia, kisha anachora grafu. Ataona kwamba mbegu za gizani zinaota pia, ila miche yake inarefuka, ni myembamba na ya manjano, na hapo maswali ya kweli yanaanza. Mwongozo mzuri unaonya pia kwamba maji yakituama chini ya mtungi mbegu zitaoza kwa kukosa hewa, kwa hiyo tishu iwe na unyevu tu. Ule unaosema "mwagilia kila siku" bila kutaja kiasi uliandikwa na mtu ambaye hakuujaribu na watoto.

Alama moja imepunguzwa kwa sababu mbili. Mtoto wa chini ya miaka 6 hawezi kukaa dakika 30 za kusomewa. Mpe kitu cha kushika au kuchora, au mruhusu aondoke baada ya dakika 10. Na tofauti ya umri ikizidi miaka mitano hivi, mkubwa anahitaji maandishi yake mwenyewe baada ya kipindi cha pamoja, jambo ambalo pakiti nyingi hazina. Masanduku ya majaribio ya sayansi yana jambo la ziada la kuangalia: hesabu vitu vinavyoisha. Mengi hupimwa kwa mtoto mmoja, na ndani ya kijitabu kuna orodha ya vitu ambavyo havimo. Isome orodha hiyo kabla ya kulipa.

Vitabu vya hesabu: ngazi kwanza, jalada baadaye

Kuna mitaala ya aina mbili. Wa kwanza unashikilia mada moja mpaka mtoto aimudu: sura nzima ya kuzidisha, kisha sura nzima ya kugawanya. Wa pili ni wa mzunguko: leo sehemu, kesho vipimo, keshokutwa sehemu tena kwa ugumu uliopanda kidogo. Kwa watoto wa uwezo tofauti, aina ya kwanza ndiyo rahisi kutumia. Mtoto aliyekwama kwenye kutoa kwa kukopa unampeleka moja kwa moja kwenye sura ya kutoa, hata kama ni ya kitabu cha chini, anafanya kurasa kumi na mbili, anarudi alipokuwa. Kwenye kitabu cha mzunguko kutoa kumetawanyika katika kurasa 200, na pengo lake unaweza usiligundue mpaka liwe kubwa. Kinachokosekana kwenye aina ya kwanza ni marudio, kwa hiyo yaongeze mwenyewe: maswali matano ya mada za zamani mwanzoni mwa kila kipindi.

Upimaji wa ngazi wengi huuharakisha, na hapo ndipo fedha hupotea. Mpe mtoto jaribio la ngazi moja chini ya unayodhani ni yake. Ligawe kwa siku mbili, bila msaada na bila saa ya kumkimbiza. Maswali ya mafumbo (hesabu zinazoelezwa kwa maneno) msomee wewe kama kusoma ni dhaifu, la sivyo utakuwa umepima kusoma badala ya hesabu. Kiwango kinachotumiwa sana ni asilimia 80: akifikisha, panda, asipofikisha, kitabu hicho ndicho chake. Ila alama peke yake haitoshi, angalia aina ya kosa. Aliyeandika 52 − 27 = 35 ametoa 2 kutoka 7 kwa sababu ndiyo iliyowezekana; huyo hajaelewa kukopa na anahitaji sura nzima. Aliyeandika 26 anajua njia, amekosea kuhesabu tu. Huyo anahitaji mazoezi mafupi ya kila siku. Watoto hao wawili wanaweza kupata alama zinazofanana na wakahitaji vitabu tofauti.

Angalia pia kama namba ya darasa imechapwa kubwa kwenye jalada. Mtoto wa miaka 11 anayehitaji kazi ya darasa la tatu atakichukia kitabu kinachomtangazia hivyo mbele ya mdogo wake. Mitaala inayotumia rangi au herufi kwa ngazi inastahili sifa kwa hilo tu. Usipopata wa namna hiyo, funika jalada kwa karatasi kabla mtoto hajakiona.

Vijiti vya Cuisenaire: alama 5

Kama ni lazima ununue kifaa kimoja tu cha kushika kwa watoto wote, nunua hiki. Vimepewa jina la Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji aliyevibuni. Ni vijiti vya urefu wa sentimita 1 hadi 10, kila urefu na rangi yake: cheupe 1, chekundu 2, kijani hafifu 3, zambarau 4, njano 5, kijani iliyokoza 6, cheusi 7, kahawia 8, buluu 9, chungwa 10. Havina namba zilizoandikwa, na ndiyo nguvu yake, kwa sababu kijiti kilekile kinabeba kazi ya miaka minane ya masomo.

Mtoto wa miaka 5 anajenga ngazi kutoka cheupe hadi cha chungwa, halafu anatafuta jozi zinazolingana na cha chungwa: njano na njano, buluu na cheupe, cheusi na kijani hafifu. Hizo ndizo jozi za kumi. Wa miaka 8 anapanga zambarau tatu sambamba, anapata mstatili wa 12, kisha anaufunika kwa vijiti vyekundu sita na kuona kwamba 3 × 4 na 6 × 2 ni eneo moja. Wa miaka 11 anafanya sehemu. Mwambie kijani iliyokoza ndiyo 1. Kijani hafifu ni nusu yake, chekundu ni theluthi, cheupe ni sehemu ya sita. Sasa aunganishe nusu na theluthi: kijani hafifu na chekundu kwa pamoja vina urefu wa njano, na njano ni vyeupe vitano. Kwa hiyo 1/2 + 1/3 = 5/6, na ameiona kabla ya kuambiwa atafute kigawe cha pamoja. Watatu hao wanaweza kukaa meza moja, kila mmoja na kazi yake, kwa kifaa kimoja.

Idadi ndiyo inayokwamisha. Boksi la kawaida lina vijiti 74: vyeupe 22, vyekundu 12, kijani hafifu 10, zambarau 6, na vya rangi nyingine sita vinne vinne. Mtoto mmoja akiunda 43 amemaliza vya chungwa vyote. Kwa watoto wawili au watatu wanaotumia kwa wakati mmoja, chukua maboksi mawili, na vya kila mtoto viwe kwenye kopo lake. Kabla ya kukubali boksi, panga vyeupe kumi kando ya cha chungwa. Visipolingana sawasawa, rudisha, kwa sababu kosa dogo kwenye kila kijiti linajumlika na mtoto ataona majibu yasiyo kweli. Angalia pia rangi: baadhi ya matoleo yana waridi badala ya zambarau, na ukichanganya maboksi ya aina mbili utawachanganya watoto. Vya mbao havipigi kelele sana. Vya plastiki vinavyoshikana vinafaa mtoto ambaye mikono yake haijatulia. Vyeupe vya sentimita 1 visiwe karibu na mtoto wa chini ya miaka 3, vinaweza kumkaba.

Vitalu vya kumi (kipande cha 1, ufito wa 10, bapa la 100, mchemraba wa 1,000) vinapata alama 3. Ni bora kwa jambo moja, thamani ya nafasi, na kwa hilo havina mpinzani. Fanya 302 − 147: mtoto anachukua mabapa matatu na vipande viwili, anavunja bapa moja kuwa fito kumi, kisha ufito mmoja kuwa vipande kumi. Mezani sasa ana mabapa 2, fito 9, vipande 12. Anaondoa 147, anabaki na 155. Sifuri ya katikati, inayowasumbua wengi kwenye karatasi, hapa inajieleza yenyewe. Lakini seti yenye jumla ya vitu 121 ina fito 10 tu, na zote zimetumika kwa swali hilo moja la mtoto mmoja. Mkubwa anaweza kuvitumia kwa desimali (bapa likiwa 1, ufito ni 0.1) na kwa ujazo, maana mchemraba mkubwa wenye pande za sentimita 10 ni lita 1 kamili. Usipotaka kununua, karatasi ya miraba ya sentimita 1 iliyogundishwa kwenye kadibodi na kukatwa inatosha kwa yote isipokuwa ujazo.

Vitabu vya kusoma vya ngazi: alama 3 hadi 5, kutegemea mchapishaji alivyopanga ngazi

Vitabu vingi vya ngazi hupangwa kwa idadi ya maneno kwa ukurasa. Kwa Kiswahili kipimo hicho kinadanganya. Sentensi "Hawakumsubiri mwenzao" ni maneno mawili tu, lakini ina silabi kumi, ina m inayosimama peke yake na mw iliyofuatwa na nz. Vitabu vilivyotafsiriwa na kubandikwa ngazi ya kwanza kwa sababu ya maneno machache humwangusha mtoto anayeanza. Kitabu cha mwanzo kinachofaa kinapanda kwa silabi: irabu, kisha silabi za konsonanti moja (ba, ka, ma), kisha ch na sh, kisha mb, nd, ng, ny, na mwisho mw, kw, ng', gh, dh. Fungua kurasa tano za mwanzo utafute maneno yaliyovuka mpangilio huo. Yakizidi matatu, kitabu hicho ni cha kumsomea mtoto, bado si cha kusoma mwenyewe.

Kumpimia mtoto kitabu, mpe kipande cha maneno 100 asome kwa sauti, ukiweka alama kila anapokosea. Makosa hadi 5, anaweza kukisoma peke yake, na hicho ndicho cha kumpa wakati unamfundisha mwingine. Makosa 6 hadi 10, asome nawe. Zaidi ya 10, kiweke. Baada ya hapo uliza maswali matatu, na moja liwe la "kwa nini". Hatua hii usiiruke. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima bila kosa na asielewe kilichotokea. Huyo hahitaji kitabu rahisi zaidi cha silabi. Anahitaji mazungumzo na msamiati.

Kwa hadithi za bure, tovuti mbili zinastahili kujulikana: African Storybook, mradi wa Saide (shirika la elimu la Afrika Kusini) uliozinduliwa mwaka 2014, na StoryWeaver ya Pratham Books, mchapishaji wa India, iliyoanza mwaka 2015. Zote zina hadithi za Kiswahili zilizogawanywa kwa ngazi, na leseni zake huria zinaruhusu kupakua, kuchapisha na hata kubadilisha maandishi. Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo dhahabu kwa nyumba yenye watoto wa uwezo tofauti. Chukua hadithi moja, andika toleo la pili lenye sentensi fupi na silabi nyepesi, picha zikiwa zilezile. Watoto wawili wanasoma hadithi moja, wanaizungumzia pamoja, na asiyesoma vizuri haachwi nje ya mazungumzo. Ubora haulingani, kwa kuwa watafsiri ni wengi. Pitia tahajia na upatanisho wa ngeli kabla ya kuchapisha. Ukichapisha kwa mtindo wa kijitabu, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4 (kurasa 16 zinatumia karatasi 4 za A4), na kwenye mpangilio wa pande mbili chagua kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini.

Mtoto mwenye disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika) anahitaji mpangilio kuliko kitabu maalumu: herufi za pointi 12 hadi 14 au zaidi, nafasi ya mstari mmoja na nusu, maandishi yaliyopangwa kushoto bila kunyooshwa kulia, karatasi isiyong'aa ya rangi ya maziwa. Fonti zinazouzwa kwa ajili ya disleksia hazijaonyesha faida ya uhakika kwenye tafiti. Ukubwa na nafasi ndivyo vinavyosaidia. Epuka vitabu vinavyokata neno mwishoni mwa mstari. Kwa Kiswahili, chenye maneno marefu, jambo hili hutokea mara nyingi na humpoteza hata mtoto asiye na shida yoyote.

Programu za kompyuta na tableti: alama 3

Khan Academy, tovuti ya masomo na mazoezi, ni bure, mzazi anaweza kufungua akaunti ya kila mtoto chini ya yake, na kila kozi ina jaribio la jumla linaloonyesha mada ambazo mtoto hajazimudu. Khan Academy Kids ni ya miaka 2 hadi 8, nayo bure. Kama intaneti ni ya kubahatisha, programu ya Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inakuwezesha kupakua masomo mara moja kwenye kompyuta moja, hata ya zamani, na vifaa vingine vya nyumbani vikajiunga nayo bila intaneti. Ndani yake zimo video na mazoezi ya Khan Academy, hadithi za African Storybook na maonyesho ya sayansi ya PhET. Maudhui ya Kiingereza ni mengi kuliko ya Kiswahili, na kwa mtoto anayeanza hicho ni kizuizi.

Makosa ya matumizi ni yaleyale kila mahali. Watoto wawili wanatumia akaunti moja, rekodi zinachanganyika, na programu inampa mdogo maswali ya mkubwa. Maswali ya kuchagua jibu yanamfundisha mtoto kubahatisha. Mtake aandike njia kwenye daftari, na swali lisilo na njia lisihesabiwe. Spika zinawavuruga wengine, kwa hiyo vipokea sauti vya masikioni ni lazima. Dakika 20 kwa zamu zinatosha: mmoja kwenye kompyuta, mmoja kwenye kitabu, mmoja na mzazi.

Vitabu vya kujaza: alama 2 kama vilivyo, 4 ukivitumia kwa mifuko

Kitabu cha kujaza humwezesha mtoto kufanya kazi peke yake, na ndicho kinachopendwa. Lakini kikishaandikwa hakimfai mdogo wake. Weka kurasa kwenye mifuko ya plastiki ya faili, mtoto aandike kwa peni ya ubao mweupe, ufute. Piga picha ya kazi kabla ya kufuta, maana makosa ya wiki nzima ndiyo yanayokuambia ufundishe nini. Wino ukiachwa siku kadhaa unagoma kutoka. Futa kwa spiriti kidogo. Njia hii ni ya majedwali, silabi na hesabu fupi. Kwa imla na insha tumia daftari. Kurudufu kurasa kunategemea leseni: baadhi ya wachapishaji wanaruhusu nakala kwa familia moja, wengine hawaruhusu kabisa, na huandikwa nyuma ya ukurasa wa jina.

Ukurasa mzuri kwa mtoto anayejifunza polepole una ujuzi mmoja, mfano mmoja uliofanywa, na maswali 8 hadi 12. Ukiwa na kitabu chenye maswali 30 kwa ukurasa, mpe ya namba witiri tu. Mengi yamepangwa kwa jozi za ugumu unaokaribiana, kwa hiyo hatapoteza kitu.

Mwongozo wa mzazi na kununua vilivyotumika

Mwongozo unaokuandikia kila neno la kusema humfunga mzazi kwa mtoto mmoja. Tafuta ule unaoweka somo la siku kwenye kurasa mbili zinazotazamana, unaotaja vitu vya kuandaa wiki moja kabla, na wenye majibu yanayoonyesha njia. Majibu matupu hayakusaidii saa ambayo mtoto anauliza alipokosea nawe una wengine wawili wanasubiri.

Usinunue vya mwaka mzima. Chukua kitabu kimoja au mada moja, ukitumie wiki nne hadi sita. Ukiomba kurasa za mfano, omba nne: ya mwanzo, ya katikati, ya sura ya mwisho na ya majibu. Ya mwanzo peke yake siku zote ni nzuri.

Vilivyotumika ni nafuu na vinafaa, mradi kitabu cha mtoto na mwongozo viwe vya toleo moja. Kurasa na namba za maswali hubadilika kati ya matoleo. Chukua swali la mwisho la sura tatu tofauti, tafuta majibu yake kwenye mwongozo. Yasipolingana, achana navyo hata kama vinaonekana vipya. Hesabu kadi, na kagua kama kurasa za kukatwa bado zimo, kwa sababu kitabu hubaki na unene wake hata kurasa kumi zikiwa zimetolewa.